Tusogeleane Kidogo

Soja alipohamia kwetu Al Qusais, hakuchukua muda kujiaibisha. Alikuwa Mkenya wa bara, mlinzi wa maduka makubwa, ndiyo maana tukamwita Soja. Kijana mrefu, wa kuzima balbu kwa kichwa. Alikuwa bado anatafuta pa kuweka begi lake, mimi nikapaza sauti kutoka jikoni, "Balozi, chai tayari." Soja akasimama wima, akachomeka shati, akageukia mlangoni kama anasubiri mtu wa bendera aingie. Badala yake akainuka mzee aliyekuwa amekaa kitandani chini ya dirisha, kavaa msuli na fulana iliyotoboka kwapani, akampita, akaenda kuchukua kikombe chake.

"Huyo ndiye balozi?" akaninong'oneza.

"Ndiye."

"Wa nchi gani?"

"Wa nyumba kumi."

Ikabidi nimfafanulie. Kwetu Tanzania balozi ni mtu wa mtaani, ana nyumba zake kumi za kuziangalia. Ukigombana na mkeo, mbuzi wa jirani akila mahindi yako, mgeni akilala kwako, unakwenda kwa balozi. Kwao Kenya balozi ni mtu wa gari lenye bendera tu, basi. Soja alicheka mpaka akakaa chini, lakini shati hakulichomoa siku nzima. Nadhani hakutaka kubahatisha.

Balozi alizaliwa wapi, ukoo wake nani, sijui. Dubai hatuulizani hayo. Tunaulizana viza ya nani na basi la kampuni linapita saa ngapi. Ninachojua ni kwamba kwao alifundisha historia sekondari miaka mingi, na mtaani akawa balozi, kisha uzeeni akaja kutunza ghala la vigae. Hatukumwita mwalimu, maana ukisema "mwalimu" ndani ya basi la wafanyakazi Dubai, nusu ya basi inageuka. Mimi nilikuwa naosha vyombo hotelini kule Garhoud. Shule niliiacha kidato cha pili. Au niseme shule ndiyo iliyoniacha, maana mimi nilikuwa bado nakwenda.

Tulikuwa tunakaa sebuleni. Flati ilikuwa na vyumba viwili, ila hivyo vilikuwa vya watu wengine, wapishi wa mikahawa, na sebule ilikatwa katikati kwa ubao. Upande wa mashariki, wenye mlango, alikaa Mwenye Ufunguo na watu wake. Upande wa magharibi, wenye dirisha na eisi ya kupoza hewa, tulikaa sisi watatu: Balozi chini ya dirisha, Soja katikati, mimi mwisho kabisa, nimelala na pua kwenye ubao. Mimi ndiye niliyekuwa mlinzi wa mpaka, ingawa anayelipwa kwa kulinda alikuwa Soja. Mwenye Ufunguo alikuwa Mtanzania mwenzetu. Alipanga flati ile kwa jina lake, kisha akatupangisha sisi vitanda. Hairuhusiwi, na wote tulijua. Manispaa wakigonga, wote tunalala nje na mabegi, na yeye yumo. Kwa hiyo mle ndani hapakuwa na polisi wala mahakama wala arbab, yaani bosi, wa kumlilia. Palikuwa na Balozi.

Na Balozi alikuwa hakubali ugomvi uishe bila kikao. Soja akitumia sabuni yangu, kikao. Mimi nikila yai la Soja, kikao, na chai ya tangawizi, na kila mtu aseme mpaka amalize. Alikuwa akisema ugomvi ni uvivu wa kuzungumza. Mimi nilikuwa mvivu wa vyote viwili. Kuna siku nilikiri kula yai ambalo sikulila ili nipate kulala.

Alikuwa akisalimia watu kwenye lifti, watu asiowajua, wenye lugha zao, wanaoangalia namba za ghorofa. Alikuwa hakimbilii basi hata likiwa linaondoka. Alisema mtu mzima akikimbia watoto wanadhani kuna moto. Leso yake ya kujifutia jasho ghalani aliipiga pasi. Soja, ambaye kwao shikamoo hawana, alikuwa akimwambia "niaje mzee," na Balozi anajibu "marahaba" hivyo hivyo, kwa upole, kila asubuhi, mpaka Soja mwenyewe akaona aibu akaanza kusema shikamoo. Hakulazimishwa. Alizungukwa tu.

Lakini msidhani alikuwa mtakatifu. Kifua chake kilikuwa kibovu kwa vumbi la vigae, na daktari wa kampuni alimwambia akae penye hewa, lakini kitandani alikuwa akijipaka dawa ya kuchua yenye harufu ya kuua mbu, na eisi ndiyo iliyotugawia harufu ile sawasawa. Alikuwa akikoroma, halafu anakataa. Na akiona uongo una faida, alikuwa anaupitia pembeni bila kuugusa.

Kwa mfano, Soja alikuwa amewekwa getini, juani, kiangazi cha Dubai ambacho hata njiwa wanatembea kwa miguu kufuata kivuli. Amelalamika kazini mara nyingi, wanamwambia inshallah. Balozi akavaa koti lake, lile la misibani, akapanda gari mpaka Al Quoz kwenye ofisi ya kampuni ya kina Soja. Kiarabu chake kilikuwa cha ghalani, lakini neno safir alikuwa analijua, maana kwa Kiarabu ndiyo balozi. Akamwambia karani kwamba yeye ni safir na amekuja kwa ajili ya kijana wake mmoja. Akapewa kiti, akapewa kahawa, akazungumza. Wiki iliyofuata Soja akahamishiwa ndani, kwenye marumaru na ubaridi.

Nikamuuliza, "Na zile nyumba kumi, hukuzitaja?"

"Hakuniuliza ngapi," akasema.

Sasa mtu huyu mpole, anayepoza ugomvi wa mayai, alikuwa na hasira moja tu duniani, na ilikuwa kwa watu waliokufa kabla babu wa babu yake hajatahiriwa. Ilikuwa kwa Marekani. Wala si hii ya leo ya kwenye televisheni. Ile ya mwanzo, ilipokuwa changa inajipanua kwenda magharibi. Ndiyo sehemu aliyoipenda kuifundisha alipokuwa shule, na ukimgusa hapo anageuka nyigu.

Mimi, kwa elimu yangu ya kidato cha pili, nilikuwa nadhani Marekani ilizaliwa na ukubwa wake huo huo, kama tembo. Nilijua vinginevyo Ijumaa moja, siku ya mapumziko. Nilikuwa nimepika pilau, tumekaa chini tunazunguka sinia. Sinia lina adabu yake: unakula mbele yako, na nyama inakaa katikati mpaka mkubwa aigawe. Soja kwao anakula kwenye sahani yake peke yake, hilo hakulijua. Alimaliza mbele yake, akaja katikati, kisha mkono ukavuka ukaja mbele yangu. Balozi akamshika kiganja, taratibu.

"Usiurudishe," akasema. "Uache hapo hapo. Huu mkono ni Marekani."

"Mzee, kama mimi ni Amerika, basi nipatie viza," Soja akasema.

Balozi hakucheka. Akaonesha ukingo wa sinia upande wa mashariki. Nchi ilianzia hapa, akasema, ukanda mwembamba pwani, imetoka tu kumkataa mfalme wa Uingereza, ina njaa kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Mbele yake, kote huku, kuna watu. "Hilo mlishike. Kuna watu." Mhispania anasema huku ni kwake, Mfaransa anasema huku ni kwake, Mwingereza naye, kila mmoja ana karatasi, na wenye nchi wenyewe wamelala ndani hawana habari. Hao wenye nchi wakaitwa Wahindi Wekundu.

Nikauliza Wahindi walifikaje kule, maana msimamizi wangu hotelini ni Mhindi na sijawahi kumsikia akitaja. Balozi akaniangalia kwa huzuni. "Hata jina walikosewa," akasema.

Akaendelea, na wali unapoa. Wamarekani wakatuma wajumbe Ufaransa wakanunue bandari moja tu, mdomo wa mto. Mfaransa ana vita zake, anataka fedha, akawaambia chukueni zote mpaka huko bara. Wajumbe wakauliza, mpaka wake uko wapi? Waziri wa Kifaransa akasema hajui, ila wamepata biashara nzuri na bila shaka wataifaidi.

"Mnaona?" Balozi akasema. "Anauza asichokijua mwisho, anamuuzia mtu asiyekijua mwanzo, na aliyelala ndani hajaambiwa. Halafu wanapeana mikono. Wanaita diplomasia."

Kule pwani ya mbali wakagombana na Mwingereza. Wakashindwa kugawana, wakakubaliana wakae wote pamoja. Nikasema kama sisi humu. Akasema naam, kama sisi humu, halafu mmoja akaanza kukaribisha ndugu zake, magari ya kukokotwa na ng'ombe nyuma ya magari, mpaka mwenzake akaona afadhali ukatwe mstari apande zake juu. Na Mmeksiko naye: yeye anasema mpaka ni mto huu, Mmarekani anasema ni ule wa mbele. Rais akapeleka askari wakakae kati ya mito miwili. Wakapigwa, akasema tumepigwa nyumbani kwetu, akaingia vitani akachukua mpaka bahari ya pili. Na wale wenye nchi, kabila moja lilikwenda mahakamani, mahakama kubwa kabisa, wakashinda kesi. Wakashinda. Wakatafutwa watu wachache wasiotumwa na mtu wakatia saini ya kuhama, na kabila zima likahamishwa kwa miguu, wengi wakafia njiani.

Hapo akatoa leso. Mzee mzima, Al Qusais, Ijumaa mchana, anawalilia watu wa bara lingine. Mimi na Soja hatukujua tuangalie wapi, tukaangalia sinia. Marekani ilikuwa imemaliza nyama yote.

Basi mtu anayeyajua hayo yote, ungetegemea akiona ubao unasogea atakuwa wa kwanza kuurukia. Nami hapo ndipo hasira yangu inapoanza, na naomba mnivumilie, maana mimi kwa kawaida ni mtu wa mzaha.

Mwenye Ufunguo alikuja mara ya kwanza na chupa kubwa ya soda na vikombe vya plastiki. Akakaa kitandani kwangu bila kuombwa. Akasema wazee wangu, kuna mpwa wangu kaja kwa viza ya matembezi, anatafuta kazi, hana pa kulaza ubavu. "Tusogeleane kidogo."

Lisikilizeni hilo neno. Ni neno la msibani, mkeka umejaa na kuna mtu amesimama. Ni neno la msikitini na la kanisani. Nani mwenye moyo atasema hapana? Balozi akasema karibu, ila tukubaliane: eisi ibaki kwetu, ubao usisogee tena, na mpwa akipata kazi ahame. Mwenye Ufunguo akasema khalas, wallahi. Tukanywa soda. Siku hiyo ubao ukaja magharibi kiasi cha urefu wa viatu vyangu, na kuanzia hapo viatu nikawa nalala navyo.

Mpwa alipata kazi. Hakuhama. Akaja na rafiki yake, na soda ikaja tena, ndogo kidogo kuliko ya kwanza, na neno lile lile. Safari hii ubao ukasogea tena, kitanda changu na cha Soja vikaondolewa, kikaletwa kimoja cha ghorofa, Soja juu kwa sababu ya ujana, mimi chini kwa sababu ya uzito. Miguu ya Soja ilining'inia nje kama nguo za kuanikwa.

Alipoondoka Mwenye Ufunguo, Balozi alikaa kitandani, miguu pamoja, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Akasema, "Kusogeleana ni kitendo cha wawili. Wewe unakuja kwangu, mimi nakuja kwako. Huyu anasogea. Sisi tunasogezwa. Ni mzizi mmoja, lakini angalieni nani kabaki na nini."

Nikamwambia, kwa adabu lakini kwa hasira, "Sasa Balozi, kama unalijua mpaka mzizi wake, mbona umekubali?"

Akasema, "Yule kijana naye anahitaji pa kulala."

Hilo ndilo jibu. Nilitaka kung'ata ubao. Mchana analia kwa ajili ya watu waliosainishwa mikataba ya uongo, na jioni mwenyewe anauliza kama kuna soda imebaki. Nikawa namkasirikia yeye kuliko Mwenye Ufunguo. Mwizi unajua ni mwizi, unamzoea. Lakini mtu anayemsoma mwizi herufi kwa herufi kisha anamfungulia mlango, huyo unamwekaje?

Mara ya tatu haikuwa na soda. Mwenye Ufunguo alimkuta Soja kwenye lifti anawahi zamu. Akamwambia bwana, kuna watu wawili wanakuja, tusogeleane kidogo, au vipi. Soja akasema "sawa" akatoka lifti ilipofunguka. Tuliporudi jioni, ubao umeshapigiliwa misumari sakafuni. Kati yake na dirisha ilibaki nafasi ya kitanda kimoja tu, cha Balozi. Kitanda chetu cha ghorofa kilikuwa kwenye kijia cha jikoni, kando ya jiko la gesi, na soksi za Soja zimeangukia kwenye sufuria ya mtu.

Soja akarudi nyuma apate nafasi ya kupiga teke ubao. Nami nikavua saa, sijui kwa nini, nimeona watu wakigombana wanavua saa. Balozi akasimama mbele ya ubao na kusema neno lake.

"Kikao."

Kikao kikafanyika Ijumaa, flati nzima. Hata wapishi wa vyumbani, ambao huwa hawatoki, walitoka. Balozi alivaa koti. Akaongea vizuri kuliko siku zote nilizomjua, bila kupandisha sauti: makubaliano ya kwanza yalikuwa matatu, akayataja, la mpwa limevunjwa, la ubao limevunjwa mara mbili, na hili la leo hakuna aliyeulizwa.

"Soja aliulizwa," Mwenye Ufunguo akasema. "Kasema sawa. Sawa si ndiyo?"

"Wacha hiyo," Soja akasema. "Kwetu sawa ni ya kumaliza stori. Mtu anakuambia mvua itanyesha, unamwambia sawa. Sasa nimeuza mvua?"

Watu wakacheka. Balozi akasubiri wamalize, akasema hata kama Soja angesema ndiyo, Soja ni mmoja wa watatu, na hakutumwa. Akauliza watu wote pale, mmoja mmoja, haki iko wapi. Wapishi wakasema kwa Balozi. Rafiki wa mpwa, yule yule anayelala mahali petu, akasema kwa Balozi. Mpwa mwenyewe akaangalia chini, akasema mjomba, hapa mzee kasema kweli.

Mwenye Ufunguo akatikisa kichwa kama mtu aliyeelimika. "Umeshinda, Balozi," akasema. "Mbele ya watu wote nakiri umeshinda." Akasimama, akajinyoosha. "Ila ubao umeshapigiliwa. Yalla, nina usingizi."

Akaondoka. Nawaambieni, sijawahi kuona mtu akishindwa vizuri namna ile. Angepiga kelele, angekana, ningemwelewa. Alikubali kila kitu akaenda kulala na vyote alivyochukua. Watu wakatawanyika wakimpongeza Balozi, wanampa mkono, hongera mzee, umeongea. Hongera ya nini? Mimi kitanda changu kilikuwa kinanuka vitunguu.

Kesho yake nilitoka zamu nikamkuta Balozi anabeba godoro lake mwenyewe analipeleka kijia cha jikoni. Kitanda chetu kilikuwa tayari chini ya dirisha, amewaomba wapishi wakisukume. Akasema kitanda cha ghorofa kina watu wawili na chake kina mmoja, na balozi yeyote wa nyumba kumi anaijua hesabu hiyo. Nikakataa. Soja akakataa, akasema mzee hicho kifua kitakumaliza kwa moshi. Tukiwa bado tunakataa, yeye ameshalala, amejifunika uso kwa leso iliyopigwa pasi.

Alikaa pale kiangazi kizima. Wapishi walikuwa wanakaanga samaki juu ya kichwa chake. Kikohozi chake tulikuwa tunakisikia kutoka dirishani kwenye ubaridi wetu, na ubaridi ule haukuwa na ladha. Mwisho kampuni ilimpa nafasi kwenye makazi yake ya wafanyakazi Al Quoz, akahama, akatuaga kwa kikao.

Lakini ubao haukusogea tena. Nilingoja aje na soda, hakuja. Kila nikikutana na Mwenye Ufunguo kwenye kijia ananipisha. Basi mimi nikajua ni mimi. Nikakumbuka nilivyovua saa siku ile, nikasema kumbe jamaa aliona mikono. Nilianza kutembea kifua mbele humo ndani. Nikawasimulia watu hotelini kwamba kuna ubishi fulani wa mpaka nimeuzima kwa kumwangalia mtu tu. Soja alikuwa akisema labda, kwa sauti ya mtu anayekataa.

Miaka miwili ikapita hivyo. Kisha nikasikia Balozi anafuta viza, anarudi nyumbani moja kwa moja, kifua kimekataa. Ijumaa nikachukua teksi kwenda Al Quoz. Soja alikuwa zamu, akanipa kilemba cha kumpelekea. Nilimkuta kwenye chumba cha vitanda vingi, amekaa kitandani, begi limeshafungwa kwa kamba. Amekonda, shingo imekuwa ya mtoto. Akanimiminia chai kutoka kwenye chupa yake, akauliza habari za kila mtu wa flati, mpaka mpwa.

Nami kwa kumchangamsha nikamwambia asiwe na wasiwasi, ubao uko pale pale, nimeushikilia mimi, yule bwana ananiogopa mpaka leo. Nikamtunishia misuli kidogo.

Hakucheka. Akaweka kikombe chini.

"Si wewe," akasema. "Kesho yake baada ya kikao, nyinyi mlipokwenda kazini, nilimfuata. Nikamwambia dirishani nimetoka. Lakini ubao ukisogea tena, hata unene wa kidole, nitakwenda manispaa kwa miguu yangu niwaoneshe mlango. Tulale nje wote, yeye, mpwa wake, wapishi, nyinyi, mimi."

"Akasemaje?"

"Alicheka. Halafu akaniangalia, akaacha kucheka."

Nilipiga makofi. Nilisimama kabisa, katikati ya wageni waliolala, nikapiga makofi, mpaka mtu mmoja akajigeuza kitandani akanilaani kwa lugha yake. Nikamwambia Balozi, kumbe, mzee wangu, kumbe simba umo. Akaninyooshea mkono nikae.

"Usifurahi," akasema. "Wale wapishi walinikosea nini? Yule kijana, rafiki wa mpwa, alinishuhudilia haki mbele ya watu, na mimi nilikuwa tayari kumlaza barabarani kwa ajili ya nafasi ya kitanda. Maisha yangu yote ya ubalozi sijamtisha mtu. Na yote niliyokubaliana na watu kwa chai yule bwana aliyavunja. Limesimama hilo moja la vitisho."

Akakohoa, nikamshika mgongo. Mifupa yake niliihesabu kwa kiganja.

"Ile hadithi ya Marekani siisimulii tena," akasema alipopata pumzi. "Vijana wa humu wameniomba. Nikifika pale pa askari kati ya mito miwili najiona nimo, nimesimama nao."

Nilitaka kumwambia si kweli. Nilitaka kumwambia kwamba wale askari walitumwa kuchukua cha mtu, na yeye alitaka tu kisichukuliwe, na kama hilo halina tofauti basi vitabu vyake vyote achome. Lakini elimu yangu mnaijua, na maneno yalinijia yote kwa pamoja yakakwama mlangoni. Nikamwambia tu, mzee, kunywa chai. Akanywa. Akashika kile kilemba cha Soja, akakikunja vizuri, akakiweka juu ya begi kwa aibu, kama mtu aliyepewa zawadi ya kitu alichoiba.

Nilirudi Al Qusais bado jua kali. Nikafungua mlango taratibu. Mwenye Ufunguo alikuwa upande wake wa sebule, amelala chali, mikono ameitandaza huku na huku, mdomo wazi, anakoroma usingizi mnono wa mtu asiyedaiwa na yeyote. Nikasimama pale na viatu vyangu mkononi namwangalia, na kikohozi cha yule mwingine bado kiko kwenye kiganja changu.